Kamera Iliyopiga Maua Laki Tatu

Sehemu ya saba

Mlango ulifungwa kwa ndani, taa ikazimwa, na Mejumaa akabaki gizani na bahasha yake ameikumbatia kifuani. Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, na najua wako waliolala vibaya. Mama mmoja wa Tudor ameniletea ujumbe kwamba nikimuua Mejumaa, yeye na gazeti hili basi. Tulia, mama. Hakufa mtu.

"Fungua mlango!" Mejumaa alipiga kelele.

"Bibie, punguza sauti," Jaffar alisema kwa upole. "Nimefunga kwa sababu ya jua. Kioo cha kamera hakitaki jua."

"Hakitaki nini?"

"Jua. Hili la saa saba, la Mombasa. Linakila kioo kikaisha. Mambo ya kitaalamu hayo."

Hebu tusimame hapo kidogo. Kamera imeundwa kwa ajili ya mwanga, haina kazi nyingine duniani. Na huyu bwana, aliyeuza kamera miaka kumi na minne katika kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, anamweleza mpiga picha kwamba kamera inaogopa mwanga. Hata paka wa Kibokoni wangecheka.

"Ni kweli," sauti ya tatu ilisema gizani. "Nimeona kwenye video."

Huyo ni Ronald. Kwa aliyetufikia leo, nimjulishe upesi. Ronald ni jirani ya Mejumaa kule Tudor, jengo moja, ngazi moja. Ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, ametoka bara miaka sita iliyopita, na maisha yake yote hajamiliki kamera hata ya kuchezea. Lakini ametazama video arubaini na moja za kamera kwenye simu, amezihesabu mwenyewe, na kwa hivyo amejiteua mtaalamu. Mejumaa hakumwita. Alijialika.

Mejumaa mwenyewe hupiga picha za pasipoti katika studio ndogo Tononoka. Miaka mitano ya "inua kidevu, vua miwani, usicheke." Kesho ndiyo siku yake. Bi Tumu wa Kuze anamwoza binti yake Sauda, na amemchagua Mejumaa apige picha za kupamba, ile sherehe ya wanawake peke yao, ambako buibui huvuliwa mlangoni na hakuna mwanamume anayetia mguu ila bwana harusi, tena mwishoni kabisa. Akiifanya vizuri kazi hiyo, nyumba zote za Kuze zitamtaka. Akiiharibu, atarudi kwenye videvu vya watu mpaka azeeke.

Na kamera yake imekufa. Jumapili iliangukia ndani ya ndoo ya maji. Kioo, yaani lenzi, kilikuwa mezani kikapona. Mwili haukupona. Bi Tumu alipopata habari alitoa sharti moja tu: leo alasiri Mejumaa alete kamera nyingine aione kwa macho yake, la sivyo kazi anapewa Everlyne, mwenye kamera mbili na mdomo wa kutosha watu wanne.

Ndiyo maana msichana wa watu yuko gizani na Jaffar.

Mejumaa alitoa simu, akawasha tochi.

"Aa! Tochi ya nini tena?"

"Nipe hiyo kamera na kioo chake."

"Bibie, tochi nayo ni mwanga, na nimekwisha kueleza..."

"Nipe!"

Alimpokonya. Akakichomoa kioo kwenye kamera, akamulika tochi kwa nyuma, akachungulia kwa mbele.

Loo! Ndani yake kumeota kuvu. Vinyuzi vyeupe vimetanda kutoka ukingoni hadi katikati, vimejipangia na vyumba. Unyevu wetu wa bahari hauna haya. Huota kwenye mkate, kwenye viatu vya Idi, na ndani ya kioo kilichofungiwa kabatini mwaka mzima bila hewa. Ukikitazama kijuujuu huoni kitu. Ukikimulika kwa nyuma, unaona yote. Sasa tunaelewa mapenzi ya Jaffar na giza.

"Nini hii?"

"Hiyo? Vumbi dogo tu."

"Vumbi lenye mizizi?"

"Basi ni nakshi. Imetoka nayo kiwandani."

Ronald aliinama akatazama, akatingisha kichwa kama daktari. "Nakshi hizi ndizo huifanya picha iwe laini, Mejumaa."

"Ronald."

"Naam."

"Nyamaza. Na wewe Jaffar, fungua mlango. Kioo chako sikitaki, ninacho changu. Nataka mwili tu, na nataka kuutazama juani."

Mlango ukafunguliwa, jua likaingia, na ukweli ukaingia nalo. Skrubu mbili za chini zilikuwa zimeliwa na kutu ya chumvi. Mpira wa kushikia ulikuwa umebanduka na kurudishwa kwa gundi ya viatu, na gundi yenyewe bado inanuka. Betri ilikuwa imefura hata inatoka kwa kubembelezwa. Kwa mali hiyo Jaffar alikuwa akitaka elfu tisini.

Ronald aliipokea kamera akaipima mkononi, juu, chini, juu, chini.

"Nzito," alitangaza. "Kamera nzuri lazima iwe nzito."

"Basi kanunue jiwe la kusagia," Mejumaa alimjibu. "Jaffar, kamera hii ilikuwa ya nani?"

Jaffar alikuwa akilingoja swali hilo. Alivuta kigoda, akaketi, akaweka mkono kifuani.

"Ya bibi mmoja wa Nyali. Mtu mzima, mjane, mstaarabu. Alikuwa akipigia maua yake tu. Asubuhi ua moja, jioni ua moja. Kisha anaifuta kwa kitambaa cha hariri, anairudisha sandukuni. Wallahi, bibie, ni kama mpya."

Msomaji wangu, umewahi kununua kitu kilichotumika katika mji huu? Basi huyu bibi unamjua. Ndiye aliyekuwa na friji yako kabla yako. Ndiye aliyekuwa akiendesha gari lako siku za Jumapili tu, polepole, kwenda kanisani na kurudi. Jinsi alivyo na shughuli, sijui anapata wapi nafasi ya maua.

Mejumaa alitoa waya mwembamba mkobani, akauchomeka kwenye kamera upande mmoja na kwenye simu upande wa pili. Jaffar aliacha kutabasamu.

"Huo nao wa nini?"

"Ndani ya kamera mna shata, Jaffar. Kilango kidogo. Kila ukipiga picha, kinafunguka na kufunga. Na kila kikifunguka, kamera inajihesabia yenyewe. Simu yangu inakwenda kuisoma hiyo hesabu."

"Haina haja, bibie, tuaminiane..."

Simu ililia. Mejumaa akaisoma kwa sauti, polepole, ili na wapita njia wafaidike.

"Laki tatu na elfu kumi na mbili."

Kichochoroni muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake akapita.

"Maua laki tatu," Mejumaa alisema. "Bustani ya huyo bibi ni Shimba Hills?"

"Alikuwa na maua mengi."

"Asubuhi ua moja, jioni ua moja, maneno yako hayo. Nimepiga hesabu. Bibi yako alianza kupiga picha wakati Wareno bado wanaipaka Ngome chokaa."

Ronald aliangua kicheko, akapiga paja. Amekwisha kuhamia upande wa pili bila kuaga. Na kwa sababu alitaka kuonyesha kwamba yuko upande huo kwa moyo wote, alifanya jambo ambalo mpaka leo Mejumaa akilikumbuka hushika kichwa.

"Bado hatujatazama sensa," Ronald alisema. "Sensa, kile kipande cha ndani kinachoipokea picha, ndiyo moyo. Ngoja niipulize vumbi, kwenye video wanapuliza."

Kwenye video wanapuliza kwa pampu ndogo ya mpira. Ronald alipuliza kwa kinywa. Na kinywani alikuwa na mabuyu, ameyamumunya tangu Tudor, mabuyu yale mekundu ya pilipili.

Pfuu!

Mejumaa alichungulia ndani ya kamera. Juu ya kile kipande kinachong'aa, mahali pasipotakiwa kuguswa hata na pumzi, palikuwa na matone mawili mekundu.

"Ya Rabi," alisema.

Jaffar aliruka kutoka kigodani. Uso wake ulikuwa na furaha ya kweli kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mmeiharibu! Nyote ni mashahidi! Aliyeharibu amenunua, hiyo ndiyo sheria ya duka hili! Elfu tisini, weka mezani, na kioo mnachukua pia!"

"Ilikuwa bahati mbaya," Ronald alinong'ona. Midomo yake ilikuwa myekundu.

"Elfu tisini!"

Katika bahasha Mejumaa alikuwa na elfu arubaini, zote alizonazo, na saa ilikuwa ikikimbilia alasiri. Alimchukia Ronald kwa dhati. Alijichukia na yeye mwenyewe kwa kumwacha aje. Kisha akakumbuka kwamba ni miaka mitano yeye ndiye anayesafisha kamera ya studio, maana mwenye studio hataki kushika dawa.

Alifungua mkoba. Akatoa pampu yake, akatoa kijiti chenye kitambaa laini na kichupa cha dawa. Akaketi kizingitini, akaiweka kamera magotini.

"Mtu asipumue," alisema.

Alipitisha kijiti mara moja kutoka kushoto kwenda kulia, akakigeuza, akapitisha tena. Lakini kabla hajafika pembeni alisita, akaivisha kamera kioo chake, akakibana tundu lake mpaka likabaki dogo kabisa, akaupiga picha ukuta mweupe wa nyumba ya mbele. Akaikuza picha. Ukuta mtupu ndio huitoa aibu ya sensa.

"Njoo uhesabu, Jaffar. Hili doa, hili, hili. Saba. Ya Ronald nimeshayafuta. Haya saba si mabuyu. Haya umeyafuga wewe."

Jaffar alihesabu. Alihesabu tena, huenda yakapungua.

"Sheria ya duka ilikuwaje?" Mejumaa aliuliza. "Aliyeharibu amenunua? Basi jiuzie."

Alimaliza kusafisha, akaupiga tena ule ukuta, ukatoka safi. Akafunika kioo kwa kifuniko chake, akapiga picha ya giza tupu, akatafuta chembe zozote zinazowaka, dalili ya sensa mbovu. Hazikuwepo. Akabonyeza kila kitufe, akazungusha kila gurudumu, akajaribu kulenga paka aliyelala na paka aliyekimbia. Kamera ilimpata hata anayekimbia. Nje imechakaa, ndani ina nguvu. Mejumaa alianza kuipenda, na alijikaza usoni asionekane.

"Shata ya kamera hii haina umri mrefu tena," alisema. "Inaweza kufa kesho, inaweza kufa mwakani. Nitakupa elfu thelathini na tano, mwili peke yake, na utaniandikia risiti. Jina lako, nambari ya kitambulisho chako, nambari ya kamera hii iliyo hapa chini, na jina la aliyekuuzia. La kweli. Nisije nikakamatwa na mali ya mtu."

"Bibie, sisi ni watu wa dini, risiti ya nini?"

"Kwa sababu ya huyo mjane wako. Na maua yake."

Jaffar alipangusa jasho. Risiti ilimwingia kuliko bei. "Haya. Si ya Nyali. Ni ya dada mmoja wa Malindi, mpiga picha wa harusi. Amepata kazi Oman, akaniuzia kabla ya kusafiri. Wallahi hii ni kweli, nina karatasi yake."

Alikuwa nayo. Mejumaa aliisoma yote, akalinganisha nambari, akaipiga picha kwa simu. Kisha akafungua kilango cha kadi.

Kamera za kazi kubwa zina matundu mawili ya kadi, la juu na la chini. Wengi hutazama la juu wakaridhika. Mejumaa alitazama na la chini. Mlikuwa na kadi.

"Na hii?"

Jaffar aliitolea macho. Ilikuwa dhahiri hakujua kwamba ipo, na dhahiri zaidi kwamba hatakubali hivyo hata akichinjwa. "Hiyo ni zawadi! Kadi ya bure! Nilitaka nikushtukize."

Alisaini risiti, akazihesabu pesa mara tatu, akafunga mlango wake. Safari hii hakusema lolote kuhusu jua.

Mejumaa na Ronald walikaa kwenye baraza ya nyumba ya Bi Tumu, Kuze, kivulini.

"Nitazame kadi hii ni ya nani," Mejumaa alisema, "nijue wa kumrudishia."

Picha ya kwanza ilipotokea alijua mara moja imetoka wapi. Wanawake wamesuka, wamevaa vilivyo, vichwa wazi, wanacheka.

"Geuka!" alimwamuru Ronald.

"Kwani..."

"Ni kupamba. Geuka utazame ukuta!"

Ronald akageuka. Mpita njia angedhani ameadhibiwa, na angekuwa hajakosea.

Hapa lazima nieleze, kwa walio mbali na mambo yetu. Kupamba ikiisha, mpiga picha hutoa kadi mbele ya wanawake wote na kumkabidhi mama wa bi harusi mkononi. Mama huitia kifuani, na watu wanakwenda zao na amani, kwa kuwa hakuna picha iliyotoka nje ya mlango. Desturi nzuri kabisa. Ila kamera yenye matundu mawili inaweza kuwekwa iandike kila picha mara mbili, moja juu, moja chini. Yule dada wa Malindi alimkabidhi mama kadi ya juu. Ya chini aliisahau, akaiuza na kamera, akapanda ndege. Mama wa watu huko Malindi mpaka leo amelala usingizi wa raha.

Mejumaa alisogeza picha upesi hadi mwisho, akitafuta jina lolote, na mwisho alikuwepo bwana harusi. Kijana mrefu mwenye joho, ameinama akimbusu bi harusi kwenye kipaji cha uso. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika kidogo kwa juu.

Mejumaa aliikuza picha. Mpiga picha za pasipoti huwa hasahau masikio. Ndiyo kazi yake, kuyaona yote mawili. Na sikio hili lilikuja studio Tononoka wiki mbili zilizopita, likamwambia linataka picha za pasipoti kwa ajili ya safari ya fungate, na yeye akamwambia mwenye nalo mara tatu asicheke.

"Ni Feisal," alisema.

"Feisal gani?" Ronald aliuliza ukutani.

"Bwana harusi wa kesho. Wa Sauda. Tarehe hii hapa, ameoa Malindi mwezi wa Mei."

"Labda ni ndugu yake."

"Ndugu hawagawani sikio lililochanika."

Ronald aliukuna ukuta kwa ukucha. "Futa," alisema mwishowe. "Ukisema, harusi imekwisha, na kazi yako imekwisha nayo. Hiyo kamera umeinunua ya nini? Futa, kesho piga picha, keshokutwa una jina. Mambo ya mume na mke si yako."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Ronald alisema jambo lenye akili, na ndilo lililomtisha Mejumaa. Maana kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kufuta. Kilikwenda chenyewe, kabla ya Ronald kusema. Aliona haya hata masikio yakamwaka moto.

"Mejumaa!" Dirisha la juu lilifunguka, na kichwa cha Bi Tumu kikatokeza. "Alasiri imeingia! Unapanda au nimwite Everlyne?"

Ronald alibaki barazani. Mejumaa akapanda.

"Masalkheri, Bi Tumu."

"Masalkheri, mwanangu. Wakwenu hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Wako?"

"Wazima, twashukuru. Haya, nionyeshe hiyo kamera. Loo! Mbona kuukuu hivi? Umeiokota?"

"Inafanya kazi vizuri. Bi Tumu, kuna jambo. Naomba tuseme peke yetu."

"Sema. Sauda yuko chumba cha ndani, anapakwa hina. Nani mwengine wa kutusikia?"

Mejumaa aliiwasha kamera, akaitoa ile picha, akampa. Bi Tumu alivaa miwani. Mejumaa alisogea karibu, tayari kumdaka akianguka.

Bi Tumu hakuanguka.

"Ah," alisema. "Hii ya Malindi. Alhamisi ile. Biriani ilikuwa chumvi tupu."

"Ulikuwepo?"

"Kwani nitamtoa mwanangu bila kutazama aendako? Nilikaa upande huu wa kushoto. Na mpiga picha mwenyewe hajui kazi, kanikata. Wewe kesho usinikate."

Alimrudishia kamera, akavua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Bi Tumu, Sauda anajua?"

"Atajua akishazaa. Mwenye mtoto hatoki mbio." Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayetaja bei ya mchele. "Mwanamume kuwa na wake wawili si haramu, Mejumaa. Haramu ni mimi kuchekwa. Kadi za mwaliko mia nne nimegawa. Ukumbi wa Ganjoni nimeshaulipa. Unataka Kuze yote inicheke mpaka Ramadhani?"

"Lakini yeye ndiye anayeolewa."

"Na mimi ndiye ninayeoza. Haya, ifute. Ifute mbele yangu, na kesho uje kazini, na nitakusifu kwa kila mama atakayeniuliza. Usipoifuta, nampigia Everlyne sasa hivi, na hutaona mlango wa mji huu unakufungukia tena."

Mejumaa aliitazama kamera. Pazia la chumba cha ndani likavutwa.

"Ndiyo yenyewe?" Sauda alitoka akicheka, mikono ameinyoosha mbele, maua ya hina yamempanda mpaka viwikoni na yote ni mabichi. "Nionyeshe picha zake, Mejumaa! Nimechoka kukaa mle ndani."

"Rudi ndani, hina itaharibika," mama yake alisema.

"Moja tu, mama. Nibonyezee, Mejumaa, mimi siwezi kushika kitu."

Kitufe cha kuonyesha na kitufe cha kufuta vilikuwa jirani, chini ya kidole gumba kimoja. Bi Tumu alimtazama Mejumaa, na simu tayari iko mkononi.

Ningependa kuwaambia kwamba Mejumaa alikuwa shujaa. Hakuwa. Alikuwa akiviona videvu vyote vya Tononoka vimejipanga vinamngoja maisha yake yote. Lakini Sauda alikuwa amesimama mbele yake, mikono ameinua, hawezi hata kujipangusa jasho. Mtu mwingine wa kumbonyezea hakuwepo.

Alibonyeza cha kuonyesha.

Sauda aliinama kutazama. Alitazama muda mrefu, na kicheko kilichobaki mdomoni kikaisha kidogo kidogo.

"Lini?" aliuliza.

"Mwezi wa Mei," Mejumaa alisema. "Tarehe ipo hapo."

"Mei hiyo ndipo aliponiletea mahari." Akamgeukia mama yake. "Na wewe ulijua."

"Mwanangu, nilitaka uwe na nyumba yako..."

"Nambari yake unayo?"

"Ya Feisal?"

"Ya mke mwenzangu."

Bi Tumu alikaa chini taratibu, palipokuwa karibu. Kwa bahati palikuwa na kiti. Sauda alimrudia Mejumaa, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Usiifute. Kesho bwana harusi akiingia, wewe usinipige mimi. Simama karibu na mlango umpige yeye, usoni, wala usiache kupiga mpaka nikwambie."

"Sauda," mama yake alisema, "kesho hakuna harusi tena. Tutasema umeugua."

"Sijaugua. Kesho napambwa, tena napambwa vizuri." Sauda aliipulizia hina yake ikauke, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. "Simu unayo mkononi, mama. Mpigie mwenye ukumbi. Mwambie kiti cha bi harusi si kimoja. Aweke viwili."